Shetani Wako Anakula Nini?

Jumatatu. Mabibo hadi Mwenge

Ni miezi minne sasa nahangaika na Jehanamu isiyotaka kujengeka. Mimi na mchoraji wangu tunaandaa hadithi ya picha. Ameshanichorea mashetani 14, wote wakali, wote wana pembe, na wote wamesimama wima kama watu wanaosubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Juzi akanitumia ujumbe: "Kaka, hawa jamaa wakiamka asubuhi wanafanya nini?" Nilijifanya sijauona mpaka usiku.

Ndiyo nikaamua wiki hii nisikae mezani. Nitazunguka mji na daftari, nione Jehanamu yangu itajitokeza wapi.

Niseme mapema, maana nawajua ndugu zangu: hii si Jahannamu ya Kitabu. Ile ina milango saba na walinzi kumi na tisa, nami siigusi. Hata hiyo saba nimeiogopa, kwenye daftari langu hakuna kitu kilichogawanywa saba. Popobawa naye, yule aliyewakosesha watu usingizi Unguja na Pemba mwaka 1995, nimemwacha hukohuko visiwani. Yangu ni nchi ya kubuni, iko chini ya Dar es Salaam, na wakazi wake wametoka kichwani mwangu kwa msaada wa joto la Machi.

Joto lenyewe ndilo tatizo la kwanza. Moto hautishi mtu Dar. Chukua mtu aliyesimama ndani ya Mwendokasi kutoka Kimara saa moja asubuhi, uso umebanwa kwenye kwapa la mtu asiyemjua. Mwambie kuna mahali watu wanachomwa. Atakuuliza kama huko kuna nafasi ya kukaa.

Nikaenda Mwenge, kwa wachonga vinyago. Wao wana mashetani tangu zamani. Wamakonde waliotoka uwanda wa Mueda kule Msumbiji na wale wa Newala walikuja mjini na tezo zao, na miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa akaanzisha mtindo ambao mpaka leo unaitwa tu "shetani". Kisa kinachosimuliwa ni kwamba alikuwa anachonga mtu wa kawaida, mkono ukavunjika, badala ya kutupa gogo akaendelea nalo hivyohivyo likawa kitu kingine. Kisa hiki nakipenda kuliko vyote vya sanaa yetu. Jamii nzima ya mashetani imezaliwa na mkono uliovunjika.

Fundi niliyemkuta alikuwa mzee, kakaa juu ya gunia, miguu imeshika kipande cha mpingo kama inavyoshika mtoto anayeogeshwa. Alikuwa anaondoa ganda la nje, lile jeupe jeupe, weusi ukitokeza kidogokidogo kama chai inavyokolea. Chini vumbi, msasa uliochakaa, kopo la rangi ya viatu ya kung'arishia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka cha binadamu, cha ujamaa au cha shetani?"

Cha ujamaa ni kile cha watu wengi waliopandana kwenye gogo moja. Nikamwambia sinunui leo, najifunza. Hakukasirika. Akanionyesha shetani mwenye jicho moja na sikio kubwa kama jani la mgomba, amembeba mwenzake begani, na yule mwenzake anamtafutia chawa. Hawatishi hata kidogo. Wanaishi. Hata wale wa msanii George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, wenye matumbo na midomo ya kucheka, ukiwatazama vizuri ni watu wa mtaa mmoja waliokutana njiani wakasahau walikokuwa wanakwenda.

Nikamweleza mzee kazi yangu. Alisikiliza huku tezo ikienda. Kisha akauliza, bila kuinua macho:

"Shetani wako anakula nini?"

"Roho za watu, mzee."

"Roho ngapi kwa siku?"

Nikanyamaza.

"Na anazipika mwenyewe au ana mke? Na zikiisha anakopa kwa nani?" Hapo ndipo akanitazama. "Mtu usiyejua anakula nini, humjui huyo."

Nimerudi nyumbani na swali hilo tu. Kwenye daftari, ukurasa mzima, sentensi moja.

Jumanne. Kariakoo

Nilikwenda Kariakoo kwa sababu ya neno moja: shimoni. Soko kuu, lile lililochorwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa miaka ya 1970, lina sehemu ya chini ya ardhi, na watu wanaiita hivyo hivyo, shimoni. Mwandishi wa Jehanamu gani angepita neno hilo bila kusimama? Mlango wa kuzimu chini ya vitunguu na dagaa!

Lakini usiku wa Julai 10, 2021 soko hilo liliungua kweli. Nilipofika pale na kalamu yangu, nikaona haya. Moto ule ulikuwa na wenyewe. Nikakunja daftari, nikaenda kumsalimia mama mmoja tunayefahamiana, anauza maharage mtaa wa jirani, nikamuuliza siku zile ilikuwaje kwa watu wake.

Hakuzungumzia moto. Alizungumzia mali kauli.

Kwa asiye mtu wa sokoni: mali kauli ni mzigo unaochukua kwa neno la mdomo, hulipi, unakwenda kuuza, unarudisha hela ya watu, faida ni yako. Hakuna karatasi. Kuna jina lako tu na uso wako. "Mwanangu," mama akasema, "gunia likiungua linaisha palepale. Lakini kauli haiungui. Uliyemchukulia mzigo yupo, na wewe upo, na kesho mnakutana hapohapo kwenye kona. Ndiyo inayokula watu hiyo."

Nikamwomba arudie. Akadhani sijasikia, akarudia kwa sauti.

Kauli haiungui. Nimeandika pembeni ya swali la mzee.

Kitu kimoja zaidi nimekitoa Kariakoo, kidogo lakini mchoraji atakipenda. Nilishuka kwenye daladala wapiga debe watatu wakanishika mikono miwili, mmoja akakosa mkono akashika begi. Kila mmoja ananiita jina la safari yake. Basi ndivyo roho inavyopokelewa kule chini. Hakuna kiti cha enzi wala tarumbeta. Unafika stendi, hujui hata umekufa, tayari unavutwa: "Majungu, Majungu, moja ya kuondoka! Dhuluma hii, Dhuluma dirishani!"

Jumatano

Mvua tangu alfajiri, umeme ukakatika saa tatu. Sikutoka. Nilikaa dirishani nikaandika sheria ndogondogo.

La kwanza lilinipa taabu kuliko nilivyotarajia: salamu. Mashetani wangu waliumbwa wote siku moja. Maana yake hakuna mkubwa wala mdogo. Hakuna wa kumpa shikamoo. Jaribu kufikiria mtaa wa Kiswahili ambao hakuna mtu anayestahili shikamoo, kila mtu ni rika la kila mtu, milele! Wangeuana wiki ya kwanza, ila hawafi. Kwa hiyo wakatafuta ukubwa mahali pengine: kila shetani ana moto wake anaoulinda, na umri wa moto ndio umri wake. Mwenye moto wa miaka mia tatu anaitwa mzee. Mwenye moto wa juzi ni kijana, hata kama waliumbwa ubavu kwa ubavu. Moto wa mzee ukizimika akapewa mpya, kesho yake anaanza kuamkia watoto. Hapo tayari nina kisa cha sura nzima.

Lugha yao ni kinyume, ile tuliyochezea utotoni, silabi ya mwisho inatangulia. Moto ni *tomo*. Habari ni *rihaba*. Kijana akimwona mzee anasema *oshikamo*. Nilijaribu kuongea hivyo na mwanangu wa miaka tisa. Kwa dakika tano akanishinda, akaanza kunisema vibaya mbele yangu.

Utawala: mabalozi. TANU ilituwekea balozi wa nyumba kumi, wao wana balozi wa mioto kumi. Kazi yake ni ileile: anajua nani kalala wapi, nani kagombana na nani, na barua yoyote lazima ipite kwake kwanza.

Umeme umerudi saa mbili usiku. Chakula bado sijui. Moto upo, lakini unakula nini? Kuni hakuna kule.

Alhamisi. Pugu

Daladala ya Gongo la Mboto, kisha nyingine, kisha bodaboda kupanda vilima. Nilitaka pango. Jehanamu bila pango ni kama harusi bila pilau, utakwenda lakini utasema.

Kule kwenye msitu wa Pugu, upande wa Kisarawe, yapo mapango yaliyoachwa na wachimba udongo mweupe, ule wa kutengenezea vyombo vya kauri. Kijana aliyenipeleka alinipa masharti mawili: nisiguse dari, na nisipige kelele kabla hajaniambia. Tukaingia.

Nje jua lilikuwa linatoboa kichwa. Hatua kumi ndani, jasho la mgongoni likageuka maji ya mtungi. Hatua thelathini, nikawa nashika mikono yangu mwenyewe. Na kuta nyeupe! Nilizoea kufikiria kuzimu ni kweusi au kwekundu. Hizi zilikuwa nyeupe kama unga wa muhogo, na tochi ilipopita zilirudisha mwanga mgonjwa, kama uso wa mtu aliyetoka kitandani baada ya malaria. Juu popo, wengi, wanakwaruzana na kunong'ona. Harufu ya kinyesi chao inakaa kooni. Kijana akasema, "Sasa piga kelele." Nikaita jina langu. Lilikwenda, likakawia, likarudi limepungua herufi.

Nilikaa juu ya jiwe nikaandika kwa mwanga wa simu, vidole vikikakamaa: BARIDI.

Kwa nini nilihangaika na moto miezi yote hii? Kabla Sultani Majid bin Said hajaanza kujenga Dar es Salaam yake miaka ya 1860, hapa palikuwa na kijiji kinachoitwa Mzizima. Tunaambiwa maana yake ni mji wenye afya, nami sina ugomvi na hilo. Lakini sikio langu la Kiswahili likisikia Mzizima linasikia maji yanayozizima. Basi mji wangu wa chini umepata jina: Zizima. Ni mweupe, ni baridi, na moto si adhabu ya mtu. Moto ni mali. Shetani anaulinda kama sisi tunavyolinda kazi. Kinachotisha Zizima ni kuzimika.

Na shetani aliyezimikiwa anaitwa mzimu. Wenye taaluma wakitaka kunikunjia uso wakunje, neno limekaa lenyewe.

Nimempigia mchoraji simu nikiwa bado pangoni, mtandao haukushika. Nilipotoka nikamwambia aweke pembeni rangi nyekundu yote. Akaniuliza kama nimelewa.

Wakati wa kushuka, kijana akanionyesha bonde ambako Mto Msimbazi unaanzia. Mto huu huu unaotutoa watu Jangwani kila masika unazaliwa huku, mtulivu, mtoto kabisa, kisha unakwenda kukusanya hasira za Vingunguti na kote unakopita mpaka Daraja la Salenda. Zizima una mto wake, nao unapanda: unatoka baharini kuja vilimani, unawarudishia watu walichotupa.

Jioni nikiwa kwenye daladala simu ikaita. Namba siijui. Mtu tuliyewahi kukaa naye chumba kimoja Mburahati miaka mitatu amefariki, ajali. Mazishi kesho, Kigamboni, baada ya swala ya Ijumaa.

Ijumaa. Kigamboni

Nilifikiria kutokwenda. Huyu bwana alinikopa shilingi 150,000, ya kukomboa pikipiki yake. Nilipomdai akanijibu mbele ya wakwe zangu: "Mtu mzima unadai kama muuza karanga." Wakwe wakacheka kwa adabu. Miaka minne hatukusemeshana.

Nikapanda pantoni. Kina mama na ndoo za samaki kutoka Feri, mkokoteni wa magodoro, mtoto analia kwa sababu ambayo mwenyewe ameshaisahau. Katikati ya maji nikagundua nimejiandaa kwa hotuba. Kichwani nilikuwa namwambia mtu aliyekufa jinsi karanga zinavyouzwa.

Turubai, viti vya plastiki, wanaume nje, wanawake ndani. Nikaandika jina kwenye daftari la rambirambi, nikatoa elfu tano, nikakaa. Marehemu alikuwa Mzaramo, na mtani wake Mnyamwezi alikuwa ameshaanza kazi. Alivaa helmeti ya marehemu, akaikalia pikipiki yake, akashika usukani: jeneza halitoki hapa mpaka alipwe nauli. "Kanibeba siku moja akanizungusha mji mzima akidai njia imefungwa! Leo mimi ndiye dereva!" Watu waliokuwa wanafuta machozi wakawa wanafuta mengine. Mjomba akamtilia elfu mbili mfukoni, mtani akazitazama, akasema hiyo ni ya kushuka mguu mmoja.

Kisha mjomba akasimama barazani, kanzu, kofia, mikono mbele.

"Ndugu zangu. Marehemu wetu alikuwa binadamu, ametembea na watu, amekula na watu. Kama yupo anayemdai, asione haya, amwone mdogo wake huyu hapa, deni lake ni letu. Na kama yupo aliyemkwaza, tunamwombea msamaha."

Haya maneno nimeyasikia kwenye kila msiba niliohudhuria. Nafikiri ninyi pia. Huwa yanapita, watu wanatazama mchanga, tunaondoka. Safari hii kijana mmoja wa bodaboda, mdogo mdogo, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mimi elfu nane. Ya mafuta." Akameza mate. "Nimesamehe."

Nyuma yangu mtu akasema, "Elfu ishirini. Nimesamehe." Mwingine hakutaja kiasi, akasema tu amesamehe, sauti ikamkwama. Mwingine. Mzee mmoja mwenye miwani ya kamba akasema, "Mimi sijasamehe. Nataka changu, ni ada ya mjukuu." Nilitegemea minong'ono. Haikuwepo. Mjomba akamwambia, "Haki yako mzee wangu, njoo ukae karibu," na akasogezewa kiti.

Mkono wangu ulikuwa juu ya goti. Niliutazama. Haukunyanyuka.

Hapo ndipo nilipojua mashetani wanakula nini. Nilikuwa nimekaa msibani, na nilijua, na niliona aibu kwa furaha niliyoipata.

Moto wa Zizima hauwashwi na dhambi. Unawashwa na kinyongo cha waliobaki. Mtu akifa, kila dhuluma aliyoifanya, kila tusi alilolitoa, kila kauli aliyoila, inashuka naye kama kaa la moto, na shetani mmoja anakabidhiwa. Kaa hilo linaendelea kuwaka maadamu huku juu yupo anayelikumbuka kwa uchungu. Akisamehe, kwa mdomo, linazimika. Kunyamaza hakutoshi. Kunyamaza kunaufukia moto majivuni tu, na kila mama anayepika kwa mkaa anajua moto uliofukiwa asubuhi bado upo.

Ndiyo maana wana madalali. Dalali wa Zizima hupanda juu saa tisa usiku, anakaa ukingoni mwa kitanda chako, hana pembe wala mkia, anakuuliza polepole: "Unakumbuka alivyokwambia mbele ya wakwe?" Na wewe uliyekuwa umelala fofofo unafungua macho. Unageuka ubavu. Tayari umemlipa. Kamisheni yake ni digrii ya joto.

Tulizika. Nilitupa mchanga mara tatu kama wenzangu. Wakati wa kurudi nikasimama ukingoni mwa pantoni, mahali ambapo injini inaunguruma mtu asikusikie, nikasema kwa sauti: "Ile laki na nusu nimesamehe."

Nikajaribu kuongeza ile ya karanga. Haikutoka.

Basi. Sheria mpya: moto unaweza kusamehewa nusu. Kule chini shetani wa rafiki yangu leo anaota kibatari.

Jumamosi. Posta

Tulikutana na mchoraji kwenye kahawa, karibu na Sanamu ya Askari. Alikuja na karatasi nyeupe na penseli tu, amenielewa. Nikammwagia yote, pamoja na lile ninalolipenda zaidi: msiba wa mashetani.

Kwa sababu hawafi, hawana mazishi. Lakini moto wa mmoja wao ukizimika, anakaa barazani kwake mweupe, anatetemeka, na ndiyo maombolezo. Jirani wa mioto kumi wanakuja, kila mmoja na kaa moja kwenye kigae, wanamwekea miguuni. Shetani mtani anafika, anakaa kwenye jiko lake lililopoa, anamwambia: "Ulilinda moto miaka arobaini ukashindwa na mwanamke mmoja aliyesema *nimesamehe* akiwa anapeta mchele!" Wanacheka mpaka mwenye msiba anacheka. Na siku yoyote ya msiba huku Dar, huko Zizima madalali wanakosa usingizi: mjomba mmoja akisimama barazani anaweza kuzima mtaa mzima.

Mchoraji alikunywa vikombe viwili bila kusema. Kisha:

"Kaka, kuna tundu. Mtu muuaji. Amewaua wote waliokuwa na uchungu naye. Au wamekufa kwa uzee. Huku juu hakuna anayemkumbuka. Moto wake umezimika? Ametoka bure?"

Nilitaka kumjibu haraka. Sikuwa na kitu. Nikatazama mbele, na mbele kulikuwa na yule askari wa shaba na singe yake, ameielekeza bandarini.

Sanamu hii imesimama hapo tangu 1927. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza pale alisimama Mjerumani, Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wa koloni lao, Waingereza wakamng'oa. Maandishi yake yako kwa Kiswahili na Kiingereza, na yanawataja pia wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Nenda kasome. Zunguka pande zote nne. Hakuna jina hata moja.

Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwenye vita ile, kwa homa, kwa kuhara, kwa njaa, mizigo kichwani. Kikosi chao kwa Kiingereza kilikuwa Carrier Corps. Vinywa vyetu vikakitafuna kikawa Kariakoo, na kilipokuwa na kambi ndipo mama yangu wa maharage anapouza leo. Yaani kila siku tunataja jina la deni tukidhani ni jina la soko.

"Muuaji wako huyo," nikamwambia mchoraji, "moto wake hauzimiki. Msamaha unatoka kwa mdai. Mdai amekufa njiani hakuandikwa jina. Nani atasema *nimesamehe*?"

Akaanza kuchora palepale, kwenye meza ya kahawa. Mtaa wa chini kabisa wa Zizima, Kariakoo wa Chini. Huko hakuna baridi. Huko mioto haijawahi kupungua, na mashetani wake ndio wazee kuliko wote, matajiri, wamenenepa, wanaamkiwa na kila mtu. Hawatumi madalali juu kwa sababu hawawahitaji. Aliwachora wameegemea mito, macho yamefumba kwa raha. Ni mashetani wa kwanza katika kazi hii walioniogopesha.

Muuza kahawa alichungulia karatasi, akauliza hao ni wabunge. Tukalipa tukaondoka.

Jumatatu tena. Mwenge

Jumapili nililala. Leo nimerudi kwa mzee na karatasi ya mchoraji, nimeikunja ndani ya daftari isiloe.

Kile kipande cha mpingo kilikuwa kimeshapata mgongo na kichwa. Nikamwambia: "Mzee, shetani wangu anakula kinyongo." Nikamweleza yote, alivyonisikiliza mara ya kwanza, tezo ikienda. Nilipofika kwa mashetani wanene akasimamisha kazi, akaichukua karatasi kwa ncha za vidole kwa sababu mikono ilikuwa na rangi ya viatu. Akaitazama sana.

"Huyu hapa," akamgusa mmoja, "ana shingo mbaya. Mtu anayekula vizuri shingo inapotea."

Kweli. Mchoraji amekosea.

Nikamwomba anichongee mmoja, wa kukaa mezani kwangu, bila pembe, ameshika kaa kwenye kigae. Akataja bei: elfu arobaini. Nikashusha, akapandisha, tukakutana elfu thelathini na tano. Mfukoni nilikuwa na elfu ishirini na nauli. Nikampa ishirini.

Akavuta daftari la shule kutoka chini ya gunia, jalada limeng'oka, akalowesha ncha ya penseli ulimini.

"Imebaki kumi na tano. Jina?"

Nikamtajia. Akaandika taratibu, herufi kubwa kubwa, akakosea moja katikati, likawa jina la mtu mwingine kabisa. Nikaliona. Sikumsahihisha.

"Njoo Alhamisi," akasema, "usipokuja nitakuwa nakukumbuka."